Sanaa Isiyosubiri Alama

Wewe uliyejitwika kazi ya kujifunza Kiswahili, nakuandikia kutoka Rusizi, ambako wazee wetu bado wanakuita Cyangugu. Leo nataka tuzungumzie sanaa, ingawa habari yenyewe inaanzia katika sarufi.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari zoezi ambalo walimu wengi wa lugha hulitumia. Kila mmoja achore mahali anapopajua vizuri, kisha aandike sentensi tano chini ya picha. Nilichokilenga ni majina ya rangi. Bila shaka wewe pia yamekusumbua. Rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na nyekundu, hubadilika kwa kufuata ngeli ya nomino, ndipo tunapata kitabu cheusi, maua meupe na jua jekundu. Rangi nyingine hazibadiliki, nazo hutaka kiunganishi mbele yake: ua la manjano, majani ya kijani. Nilitaka kuona ni nani ameelewa.

Mvulana mmoja alichora Ziwa Kivu. Aliikandamiza penseli kwa nguvu hata karatasi ikachanika mahali pawili, na ukurasa mzima ulikuwa mweusi isipokuwa nukta tatu za manjano karibu na ukingo wa juu. Chini yake, badala ya sentensi tano, palikuwa na maneno mawili: "Ziwa nyeusi." Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata "nyeusi", nikaandika "jeusi". Kisha nikaitazama picha, nikakumbuka kwamba ziwa hili naliona kila asubuhi niendapo kazini, nikakata "jeusi" pia na kuandika: "la buluu. Chora upya."

Akachora upya. Ziwa likawa la buluu, milima ikawa ya kijani, jua likakaa pembeni mwa karatasi na miale yake yote. Sentensi zilitimia tano na upatanisho wake ulikuwa safi. Nikampa alama nane juu ya kumi, nikaiinua picha mbele ya darasa ili wenzake waige.

Mwisho wa muhula mama yake alikuja kuchukua ripoti. Katika mazungumzo, wala hakuwa akinilaumu, alinieleza kwamba baba wa mtoto alikuwa mvuvi wa sambaza, na kwamba usiku mmoja wenzake walirudi bila yeye. "Mwalimu," akasema, "tangu siku ile huyu mtoto hajatamka neno juu ya ziwa." Nilimpa pole kama ipasavyo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mtoto alikuwa ametamka, na kwamba mimi nilimsahihisha.

Hata kwa macho ya kawaida nilikuwa nimekosea. Sambaza huvuliwa usiku. Jioni, jua likielekea upande wa Kongo, wavuvi wa Kivu hutoka wakiwa na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia huku wakiimba, na giza likishaingia huwasha taa zinazowavuta samaki kuja juu ya maji. Mtu akiwa ufukweni hapa Kamembe huona nukta za manjano juu ya weusi mtupu. Yule mtoto alichora alichokiona, kwa usahihi kuliko mimi niliyemsahihisha. Nilijua ngeli ya ziwa, lakini ziwa lenyewe nilikuwa sijalitazama usiku.

Tangu siku hiyo nina maoni ambayo baadhi ya walimu wenzangu hawayapendi, nami nayaweka mbele yako uyapime. Naamini kila mwanafunzi anahitaji sehemu ya sanaa yake ambayo haitapewa alama na mtu yeyote, haitashindanishwa na haitasahihishwa. Simaanishi sanaa ya wavivu. Namaanisha kazi ambayo mwenye kuifanya anaitumia kujitazama, kama vile mtu anavyoinama juu ya maji yaliyotulia. Akilini mwangu hiyo ni sehemu ya elimu ya uraia, na haipaswi kuwekwa miongoni mwa michezo ya kupitisha muda siku za mvua.

Kwa nini uraia? Sisi Wanyarwanda tuna methali isemayo "Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda", maana yake machozi ya mwanamume hutiririka kwenda tumboni. Tumelelewa katika staha ya kumeza. Staha hiyo ina uzuri wake, sitaki kuidharau. Imewawezesha watu kuishi jirani kwa jirani baada ya mambo ambayo lugha yoyote ingeshindwa kuyabeba. Lakini wanafunzi wangu wa leo wamezaliwa miaka mingi baada ya mwaka 1994, na wengi wao wamelelewa na watu waliomeza. Kila mwezi wa Aprili hukaa karibu na huzuni ya wazazi wao bila kuambiwa yote, na bila kujua kama wanaruhusiwa kuuliza. Mtoto wa namna hiyo ukimpa karatasi na kumwambia "andika shairi zuri la kumbukumbu, mshindi atapewa zawadi", atakupa maneno aliyoyasikia kwenye redio. Nimewahi kuwa hakimu wa mashindano kama hayo. Mashairi yalikuwa na vina vizuri, na mengi yangeweza kuandikwa na mtu mmoja.

Ng'ambo ya mto wetu kuna mfano ninaoufikiria mara kwa mara. Ukisimama Cyangugu unaiona Bukavu, na huko Bukavu iko Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Umaarufu wa hospitali hiyo umetokana na upasuaji na matibabu ya wanawake waliobakwa katika vita vya mashariki mwa Kongo. Lakini tangu mwaka 2015 Panzi ina pia chumba cha kurekodia muziki. Mpango huo, unaoitwa Healing in Harmony, huwakutanisha wagonjwa katika vikundi pamoja na mwanasaikolojia mmoja na mtayarishaji wa muziki mmoja. Wanazungumza, wanatunga, wanaimba, wanarekodi. Wanaoshiriki hawaitwi wagonjwa, huitwa wasanii. Mtu ambaye kwao alikuwa anatazamwa kama aibu, hapo anaulizwa: wimbo wako uanze na neno gani?

Zingatia utaratibu wake, maana ndio ninaoutetea. Hakuna anayechujwa mlangoni kwa sababu sauti yake ni mbovu. Wimbo unatungwa kwanza kwa ajili ya aliyeutunga na wenzake wa kikundi, na ni baadaye tu, wenyewe wakitaka, ndipo unapopelekwa redioni au mbele ya kijiji. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti kuhusu wanawake waliopitia mpango huo katika eneo la vijijini la Kivu Kusini, nao ulionyesha kwamba wasiwasi, sonona na dalili za kiwewe zilipungua, na nafuu hiyo ilikuwapo bado miezi kadhaa baadaye. Hakuna aliyepima kama walikuwa wanaimba vizuri zaidi. Sioni kwamba kipimo hicho kilikosekana.

Upande wetu wa mto nao una mifano. Mwaka 2004, katika mji wa Butare ambao leo unaitwa Huye, Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma, akakiita Ingoma Nshya. Desturi ilikuwa imewanyima wanawake ngoma kabisa. Na katika Kinyarwanda neno "ingoma" ni ngoma na ni utawala pia, kwa hiyo jina hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Waliokuja hawakuwa wapigaji. Miongoni mwao walikuwamo walionusurika mauaji ya kimbari na walikuwamo wenye jamaa walioshiriki kuua, nao walisimama mstari mmoja, mikono yao ikijifunza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea kutoka kwao. Utaniambia kwamba leo Ingoma Nshya ni kikundi mahiri, kimepiga ngoma katika majukwaa ya nchi za mbali, kwa hiyo ukamilifu ndio ulioshinda. Ni kweli wamefika mbali. Lakini fikiria kama siku ya kwanza wangepangwa mstari na kupewa alama. Wangerudi nyumbani wote, na watu wangesema desturi ilikuwa na haki.

Sasa nirudi kwako wewe mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa najua unachokifikiria: "Mwalimu, nitawezaje kuandika ya moyoni katika lugha ambayo bado nachanganya ngeli zake?" Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi wa chuo kikuu waliombwa kuandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo, wengine juu ya mambo madogo ya kila siku, wengine juu ya tukio lililowaumiza kuliko yote. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Katika kazi za namna hii sharti moja hurudiwa: usijali tahajia, usijali sarufi, usijali muundo wa sentensi. Nilipolisoma sharti hilo mara ya kwanza, mimi niliyetumia nusu ya maisha yangu kujali vitu hivyo vitatu, nilicheka peke yangu.

Nikuambie na upande wa pili, nisije nikakuuzia dawa ya mzunguko. Wanafunzi wale, mara tu baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi, si vizuri zaidi. Na majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kwamba faida, ukichukua wastani wa watu wote, ni ndogo. Ipo, lakini ni ndogo. Jaribio jingine la mwaka 2016, la Chuo Kikuu cha Drexel huko Philadelphia, liliwapa watu wazima 39 udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kubandika kwa dakika 45. Kwa takribani robo tatu yao, kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, ilishuka. Waliobaki haikushuka. Kilichonivutia ni kwamba waliozoea kuchora na wasiozoea hawakutofautiana kwa maana yoyote. Ustadi haukuongeza kitu wala haukupunguza.

Wapo watakaonijibu kwa jina la ushairi wetu. Watasema Kiswahili ni lugha ya vina na mizani, na kwamba Kaluta Amri Abedi hakuandika "Sheria za Kutunga Mashairi" mwaka 1954 ili mwalimu wa Rusizi aje awaambie vijana wasijali sheria. Ugomvi huo una historia. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake "Kichomi" mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Chukua kamusi uangalie maana ya neno kichomi: ni maumivu makali ya kuchoma, ubavuni au kifuani. Mshairi alikuwa ameandika jina la ugonjwa kwenye jalada, nao wakabishana kuhusu idadi ya mizani.

Hata hivyo siko upande wa wanaosema sheria ndizo zinazoua hisia. Shaaban Robert alipofiwa na mke wake Amina alimtungia shairi la vina na mizani kamili, na sidhani kuna msomaji anayeweza kusema kwamba huzuni yake imepungukiwa na kitu. Kwa mtu aliyekwisha kuizoea, sheria huweza kuwa fimbo ya kushikilia anapotembea gizani. Kwa hiyo ukitaka kulilia jambo lako kwa mizani kumi na sita, lilie. Ninachokikataa ni hakimu anayeketi mezani nawe kabla hujaandika neno la kwanza. Hakimu huyo mara nyingi si mwalimu. Ni wewe mwenyewe, umevaa sauti ya mwalimu.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa hofu, maana nimeona likiharibiwa na watu wenye nia njema. Ukishamwambia mtoto achore ya moyoni, usiwe askari wa upelelezi. Picha ya mtoto si ushahidi wa kesi, na rangi nyeusi si lazima iwe msiba. Huenda penseli nyeusi ndiyo iliyokuwa imebaki peke yake. Mtoto ana haki ya kuchora na ana haki ya kutoeleza. Ana haki ya kuikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mwalimu akiiona na kuhisi kuna jambo, aulize swali lililo wazi, mfano "unapenda kuniambia kuhusu picha hii?", na akijibiwa hapana, ashukuru aendelee na somo. Raia anayefundishwa tangu utotoni kwamba kila kilichomo moyoni mwake lazima kikaguliwe, hujifunza kuficha kwa ustadi zaidi.

Tena kuna majeraha ambayo hayapaswi kufunguliwa na mwalimu wa lugha siku ya Ijumaa saa tisa. Hapa kwetu tunalo neno "ihahamuka" kwa hali inayomshika mtu ghafla, pumzi zikamkatika, yaliyopita yakawa yanatendeka sasa hivi mbele ya macho yake. Nimeliona hilo, na kalamu za rangi hazikutosha. Panzi wana mwanasaikolojia ndani ya chumba, si mwanamuziki peke yake, na sababu ni hiyo. Kama unaandika peke yako na unaona mkono unakupeleka mahali usipoweza kurudi, weka kalamu chini, toka nje, tafuta mtu mzima unayemwamini au mhudumu wa afya. Kuacha katikati ni ruhusa.

Katika darasa langu mambo ni madogo. Dakika ishirini za mwisho za Ijumaa, kila mwanafunzi hutoa daftari lisilo na jina juu yake. Wengine huchora, wengine huandika, msichana mmoja mwaka jana alishona vifungo kwenye kitambaa muhula mzima, na sikuwahi kujua sababu. Lugha ni yoyote. Wanafunzi wanaotoka kisiwa cha Nkombo huandika kwa lugha ya kwao, wengine huchanganya Kinyarwanda na Kiswahili katika mstari mmoja, na mimi, ambaye siku nyingine hukemea mchanganyiko huo, hunyamaza. Kalamu nyekundu hukaa ndani ya mkoba. Mimi nami huchora, kwa sababu waliniuliza kwa nini wao wafanye na mimi nitazame. Ng'ombe wangu wanafanana na mbwa, wanafunzi wanalijua hilo, na nadhani limewasaidia kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuwapa.

Mzazi mmoja aliniuliza kama kipindi hicho kinaingia kwenye mtihani wa taifa. Nilimwambia hakiingii. Akaniuliza, basi kinafaa nini? Nilimweleza kwa urefu, pengine kwa urefu kupita kiasi, naye akanisikiliza kwa adabu, akaenda zake akiwa hajaridhika. Namwelewa. Analipa karo, na anachoweza kukiona ni alama.

Nimeona jambo moja tu ambalo naweza kulisema bila kulipamba. Wanafunzi waliokaa na madaftari yale kwa muhula mmoja au miwili huandika insha zenye makosa kama ya wenzao, lakini insha zao hazifanani. Anayeandika juu ya soko la Kamembe anaandika soko alilolipita yeye, lenye mama anayehesabu faranga mara tatu kabla ya kuvuka daraja kwenda Bukavu. Na mwenzake anaposoma insha yake kwa sauti, darasa hunyamaza kwa namna ambayo halikuwa likinyamaza zamani. Nawasahihisha ngeli zao Jumatatu, kwa kalamu ileile nyekundu, maana kazi hiyo nayo ni yangu.

Yule mvulana amekwisha kumaliza shule. Baada ya mazungumzo na mama yake nilimwita, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba ziwa lake lilikuwa sahihi. Aliniangalia kidogo, akauliza: "Jeusi, Mwalimu, si nyeusi?" Nikamjibu ndiyo, ziwa jeusi. Akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye dawati lake. Picha ya kwanza hakunionyesha tena. Ile ya buluu ninayo kabatini, na alama zake nane.